Swifa ya Shokapu Iliyopinda

Fumo Liyongo aliusifu uta wake. Hasan bin Ismail akamtungia mganga Nguvumali swifa nzima. Minazi imesifiwa, majahazi yamesifiwa, na kanga zimeimbwa mpaka zikachuja rangi. Shokapu ya mbele ya pikipiki, tena iliyopinda na inayovuja, hakuna aliyeikumbuka. Deni hilo nalilipa mimi, maana imenifadhili.

Nilikutana nayo Mbagala, kwenye pikipiki iliyotumika ambayo mwenyewe aliniapia: "Mzee wangu, hii ni ya kuwasha na kuondoka." Iliwaka. Na iliondoka kweli, ila mimi nikielekeza usukani barabarani, yenyewe ikielekea mtaroni.

Nianze na ukweli wake. Kwenye pikipiki ya kununua mkononi mwa mtu, karibu kila kitu kimefundishwa uongo. Tangi limepigwa rangi, siti imevishwa ngozi mpya, kilomita zimerudishwa utotoni. Shokapu haijui kuficha. Pitisha kidole kwenye mrija: kikitoka na oili, sili imekufa. Simama mbele, funga jicho moja, itazame miguu yote miwili: mmoja ukiwa umeinama kama unaowaamkia wakwe, basi pikipiki hiyo imewahi kugonga kitu kisichosogea. Haya yote niliyajua vizuri, baada ya kulipa.

Halafu ni ya ukoo. BMW R12 ya mwaka 1935 ndiyo pikipiki ya kwanza ya kiwandani kuuzwa na shokapu za mbele za mirija inayoingiliana, zenye oili ndani ya kutuliza springi. Bodaboda zetu nyingi bado zinatembelea wazo hilohilo. Kilichoongezeka ni mishkaki na gunia la mkaa.

Ukarimu wake nao si haba. Oili yake haikuinyima hata diski ya breki, ndiyo maana kwa wiki mbili nilikuwa nikisimama kwa dua.

Lakini fadhila yake kubwa ilikuwa kwa shemeji. Kaka wa mke wangu ana mazoea ya kuazima kila chombo changu chenye magurudumu. Hiki alikipanda mara moja, akakirudisha akikisukuma, na Ijumaa zilizofuata akawa anakuja kula tu.

Kwa nini basi nikaamua kuitengeneza? Kiburi. Fundi alinitajia bei, nami nikajibu maneno ambayo yameharibu pikipiki nyingi kuliko mashimo ya barabarani: "Kumbe kazi yenyewe ndogo, nitafanya mwenyewe."

Nikaiinua injini juu ya kreti ya soda chini ya mwembe, nikatoa tairi na madigadi. Ile nati kubwa ya juu ya shokapu hulegezwa mguu ukiwa bado umebanwa mahali pake. Mimi niliuchomoa kwanza, kisha nikabaki nimeukumbatia kama mieleka, nati haitaki. Ilipotaka, springi iliirusha hadi kwa jirani. Oili iliyomwagika ilikuwa ya kijivu kama uji wa ulezi uliolala, na harufu yake ilimfukuza paka.

Boliti ya chini nayo huzunguka na kitu kilicho ndani, ukaifungua mpaka magharibi bila kufika. Dawa yake ni mpini wa ufagio: unachonga ncha, unausukuma ndani ya mrija mpaka ubane, mtu mwingine anaushikilia. Ufagio ulikuwa wa mke wangu. Mtu mwingine alikuwa mke wangu. Hapo naomba nipite haraka.

Mrija niliuviringisha juu ya kioo cha meza ya sebuleni. Ulionyooka hutembea kimya. Wangu ulikuwa ukiinuka na kushuka, mwanga ukichungulia chini yake kila mzunguko. Tao dogo, fundi mwenye presi anaweza kulinyoosha bila moto. Wangu ulikuwa na kunjo, na chuma kilichokunjika ni cha kutupa. Kukipasha kwenye jiko la mkaa ni kujitafutia kaburi, kwa sababu hakirudi na nguvu yake. Nikanunua mwingine. Mrija wa pili ulikuwa na vipele vya kutu juu ya kromu, nikavisugua kwa msasa laini wenye maji, maana mdomo wa sili ni mpira tu na kipele kimoja huukata kama wembe.

Kuvisha sili mpya kunahitaji kipande cha nailoni juu ya ncha ya mrija, uupitishe mdomo wake bila kuuchana. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019 nilishangilia. Sikujua kuna jioni nitauhitaji mmoja kuliko chakula. Nailoni ya mkate iliniokoa. Sili yenyewe niliigonga kwa kipande cha bomba la maji, taratibu, isiingie upande.

Kufikia hapo uwanja ulikuwa umejaa. Watoto walishika tochi, jirani akarudisha nati yangu na kuniazima spana, vijana wa kijiweni wakabishana kuhusu oili. Mimi nilipima kwa rula, springi ikiwa nje na mrija umeshushwa wote, mpaka miguu yote miwili ikalingana. Mwisho nikabana tairi kwa magoti na kuuvuta usukani kama ng'ombe mkaidi, hadi vikatazama upande mmoja, ndipo nikakaza. Kabla ya kulala nikaisafisha diski na kubadilisha pedi zilizokunywa oili.

Asubuhi ilinyooka kama mstari wa shule. Nilikwenda hadi Kongowe na kurudi bila mtaro hata mmoja kuniita.

Ijumaa, shemeji akaja mapema, viatu vimepigwa kiwi. Akaizunguka, akaikandamiza mara mbili, akatabasamu.

"Shemeji, nasikia imepona."

Nikampa funguo. Alipokata kona nilikwenda nyuma ya nyumba kuangalia kama ule mrija wenye kunjo bado upo.