Mwizi wa Betri

Pesa ya ufuta wa mwaka 2023 ilikuwa imeshagawanywa kabla mnada haujaita bei. Bati za jiko, ada ya binti yetu aliye sekondari, na godoro la mama mkwe, maana lile la zamani lilishabonyea katikati hata akilala unaona pua na vidole vya miguu tu. Mume wangu akaenda Dar es Salaam kufuata godoro. Akarudi usiku, akashuka Somanga, akachukua bodaboda, na alipofika kwetu Kinjumbi nikammulika kwa tochi ya simu. Mgongoni hana kitu. Kifuani amekumbatia mfuko wa nailoni.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kidude cha chuma cha rangi ya zambarau, hakizidi kiganja cha mtu mzima. Juu kina vitufe vinne vya kuzungusha, chini kina kanyagio la mpira lililolika upande mmoja.

"Nini hii, baba watoto?"

"Flenja."

"Inalaliwa?"

Hakujibu. Kutoka chumbani mama mkwe akauliza kama godoro limefika, na hapo mume wangu akakumbuka kwamba hajaoga tangu asubuhi.

Mume wangu ni mkulima wa ufuta na mikorosho, ila ukimwuliza kazi yake atakwambia yeye ni mpiga solo. Kikundi chao kina magita matatu, solo, rithimu na besi, dramu zilizofungwa kwa waya, na amplifaya moja inayoshika moto kuliko jiko langu. Ni watu waliolelewa na Redio Tanzania: NUTA Jazz iliyoanza 1964, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma, na Mlimani Park iliyoanzishwa 1978. Ukimtajia Michael Enoch baada ya isha, jua hutalala mapema. Lakini kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba gita lake limekuwa kavu. Alitaka sauti inayozunguka, inayoondoka na kurudi, ile aliyokuwa akiisikia kwenye kanda za miaka ya 1980.

Kariakoo walimwonyesha vitu viwili. Cha kwanza kipya, kina kioo na milio kadhaa ndani yake, flenja ikiwa mmojawapo. Cha pili ni hiki cha zambarau, Boss BF-2, mtumba kutoka kwa mwanamuziki aliyekuwa akiuza vyombo vyake. Kilianza kutengenezwa Japani mwaka 1980, na ilipofika 2002 kampuni ilikuwa imeshatoa mrithi wake. Bei zao hazikupishana sana. Alichagua mtumba, na sababu yake ilikuwa swali moja: "Nikiwa jukwaani gizani, nitakuwa nasoma au napiga?" Kwa hilo la godoro nilimkasirikia kweli, lakini kwa hilo la uchaguzi nilimpa haki yake. Mtu mwenye mguu mmoja huru na macho yake kwenye nyuzi hahitaji kioo cha kupekua.

Mimi nilitaka kujua kinafanya nini hasa. Aliyenieleza ni shemeji yangu, mdogo wake, ambaye ni fundi simu hapa kijijini. "Shemeji, lete simu yako," akasema, akachukua na ya mama mkwe, akaweka wimbo uleule kwenye zote mbili na kuziwasha kwa pamoja. Mara ya kwanza moja ilichelewa mno, ukawa mwangwi. Akarudia, akarudia, hadi watoto wakaanza kucheka. Mwishowe zikakaribiana kabisa, na hapo wimbo ukabadilika. Sauti ikawa na uwazi ndani yake, mwimbaji anapita ndani ya bomba refu, anaingia, anatoka, wakati simu zote mbili zimetulia mezani.

Hiyo ndiyo flenja. Sauti ya gita inagawanywa mara mbili. Moja inakwenda moja kwa moja, nyingine inacheleweshwa kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde, na ucheleweshaji wenyewe hautulii, unaongezeka na kupungua. Zinapokutana tena, baadhi ya milio inafutana na mingine inapeana nguvu, na kwa kuwa ucheleweshaji unasogea, pale panapofutika napo panasogea. Mwanzoni hayo yalifanywa kwa mashine mbili za kanda. Mpiga gita wa Marekani, Les Paul, alikuwa akichezea mambo hayo miaka mingi kabla, na mwaka 1966 fundi wa studio ya Abbey Road mjini London, Ken Townsend, alibuni njia ya kuipa sauti ya mwimbaji pacha wake kwa kanda, kwa sababu John Lennon alikuwa amechoka kuimba kila kitu mara mbili. Ndani ya pedali, yaani kidude hiki cha kukanyaga, hamna kanda. Mna kijisahani cha umeme kinachoipitisha sauti kutoka chumba hadi chumba, kama watu waliojipanga wakipokezana ndoo kutoka kisimani. Wahandisi wa Philips walikibuni mwishoni mwa miaka ya 1960, na jina walilokipa ni hilohilo la kupokezana ndoo.

Kwa hiyo vile vitufe vinne si fumbo. Kimoja kinaamua ucheleweshaji uanzie wapi, cha pili uyumbe kwa upana gani, cha tatu kwa kasi gani. Cha nne kinarudisha sehemu ya sauti iliyokwisha kupita iingie tena, na hicho ndicho kinacholeta mlio wa chuma. Mtu akikosa adabu, hukosea hapo.

Basi tukaanza kuishi na flenja, na pamoja nayo tukaanza kuishi na betri. Inatumia ile ya volti 9, ya mraba, yenye vichwa viwili juu. Kuna skrubu mbele ambayo unailegeza kwa vidole bila bisibisi, unainua kanyagio, na betri imelala chini yake. Mume wangu alipenda kuufungua mlango huo mbele ya wageni. Tatizo ni kwamba betri hizo duka la jirani halina, ni mpaka uagize Somanga, na zilikuwa zinakufa ovyo. Anaweka mpya Ijumaa, anapiga nyimbo kadhaa, anazima kwa mguu, taa nyekundu inazimika, kila mtu anaona. Siku anayorudi kwenye mazoezi, betri imekufa.

Kesi ikafunguliwa nyumbani. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa kitindamimba wetu, aliyewahi kukutwa akiilamba betri kwa ulimi ili asikie ule mwasho. Mama mkwe akasema ni panya, ingawa hakueleza panya anakunywaje umeme. Shemeji akasema betri ni bandia. Mimi nilisema godoro lisingekuwa na shida hiyo, na nikaambiwa nimetoka nje ya mada.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja na mvua zake, barabara kuu ikakatika huku kwetu pande za Somanga, na magari ya Dar es Salaam na ya Lindi yakabaki yanatazamana. Madukani sukari ilianza kuwa ya kuulizia, sembuse betri ya mraba. Hapo ndipo shemeji alipofungua mita yake ya kupimia umeme ili atengeneze simu ya mteja, akakuta tumbo lake tupu. Betri ya mita ni hiyohiyo ya volti 9. Hakuuliza. Alivuka uwanja, akalegeza ile skrubu kwa vidole, akaichukua betri yake, akaondoka bila kuaga. Ndugu hao wawili wakawa wanasalimiana kwa kupitia kwangu.

Walipopatana ikawa hatari zaidi, maana walipatana kwa kushirikiana. Wakaamua pedali ile umeme wa ukutani, na adapta iliyokuwa karibu ilikuwa ya king'amuzi cha mama mkwe. Ncha ikalingana vizuri kabisa na tundu. Shemeji ameshaishika, bado kidogo tu aisukume, mama mkwe akatokea mlangoni. "Tamthilia inaanza. Nipeni kitu changu." Wakampa. Baadaye fundi mmoja wa Nangurukuru aliwaonyesha kile kichoro kilichopigwa kwenye adapta, kidoa katikati na nusu duara pembeni: adapta ya king'amuzi ni volti 12 na chanya iko ndani, pedali yetu ni volti 9 na hasi ndiyo iko ndani. Mama mkwe aliiokoa pedali kwa kutaka kuona nani kamuoa nani.

Halafu ikaja harusi ya mtoto wa shangazi wa mume wangu. Umeme wa jenereta, betri mpya iliyowekwa siku mbili kabla. Bi harusi anaingia, vigelegele vimepanda, solo inatakiwa. Mume wangu akakanyaga, na kumbe vitufe vyote vinne alikuwa amevizungusha hadi mwisho. Watoto waliinua vichwa kutafuta ndege. Mwimbaji alitafuta mahali pa kuanzia akapakosa. Kisha mlio ukafifia, ukakwaruza, gita likanyamaza kabisa. Akakanyaga kuzima: kimya. Akakanyaga tena: kimya. Pedali za namna hiyo, hata zikiwa zimezimwa, gita linapita ndani ya mitambo yake, na mitambo isipokuwa na umeme hakipiti kitu. Bi harusi alitembea kwa besi na dramu hadi shemeji alipochomoa nyaya zote mbili na kulichomeka gita moja kwa moja kwenye amplifaya.

Aliyemkamata mwizi ni binti yetu. Jirani alikuwa ameazima waya wa gita kwa ajili ya kinanda chake, akakaa nao, na uliporudi betri ilikuwa nzima. "Baba," akasema, "waya ulipoondoka betri ikapona." Wakaipima kwa mita ya baba yake mdogo. Waya ukiwa umechomekwa upande wa gita, umeme unatoka kwenye betri, taa iwake isiwake. Waya ukichomolewa, sifuri. Lile tundu la kuchomekea waya wa gita ndilo swichi yenyewe, na karibu pedali zote zinazotumia betri ziko hivyo. Mume wangu alikuwa anazima kwa mguu na kuacha waya ndani usiku kucha. Mama mkwe akasema mtoto ameonewa, alipwe. Kitindamimba akalipwa biskuti, pakiti nzima.

Ufuta wa 2024 ulipouzwa, nilikwenda Dar es Salaam mimi mwenyewe, nikarudi na godoro la mama mkwe, na adapta ya volti 9 yenye hasi ndani. Sasa mume wangu anapiga vizuri, nisiseme uongo. Kasi ameiweka chini kabisa, upana nusu, kitufe cha mlio wa chuma hakisogezi ila kidogo. Mpiga rithimu alijaribu kuiazima pedali, mwimbaji wao mzee akakataa, na alikuwa sahihi: rithimu inabeba mapigo, flenja inayalainisha mpaka mchezaji hajui aweke mguu wapi. Inafaa solo, na inafaa zaidi pale nyuzi zinapoachwa zilie kwa muda mrefu.

Nawe ukienda kununua, nenda na gita lako, na ukifungue kitufe chake cha sauti kali, maana gita lililozibwa halina kitu cha kuzungushwa na utadhani pedali mbovu. Kabla ya bei, uliza inakula volti ngapi na hasi iko wapi. Na ukimaliza kupiga, chomoa waya.