Namna ya Kufundisha Elimu ya Maisha Bila Kugusa Maisha

Hongera, mwalimu. Direktere amekupa darasa la sita, na kwenye ratiba yako kuna saa ya Éducation à la vie, yaani elimu ya maisha: mwili, afya, heshima, namna ya kuishi na wenzako. Usitetemeke. Hapa Lubumbashi, kutoka Katuba hadi Ruashi, wako walimu walioivuka saa hiyo salama salimini, mwaka baada ya mwaka, bila mtoto hata mmoja kujifunza lolote. Nawe utaweza. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: panga karatasi. Mkaguzi akija hatawauliza watoto wanajua nini. Atataka kuona fiche de préparation, yaani andalio la somo, na journal de classe, yaani daftari la masomo ya kila siku. Andika kwa mwandiko mzuri: "Mwishoni mwa somo mwanafunzi ataweza kutaja mabadiliko matatu ya mwili wakati wa kubalehe." Kutaja, si kuelewa. Na yawe matatu tu: sauti, urefu na chunusi. Ukifika la nne umejitafutia mambo.

Hatua ya pili: kimbilia Kifaransa. Sheria ya elimu ya 2014 inatambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, na kwetu Katanga lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini kwa somo hili Kiswahili kina kasoro kubwa: watoto wanakielewa. Kwa hiyo andika ubaoni "appareil reproducteur", yaani viungo vya uzazi, pigia mstari kwa chaki nyekundu, waambie wanakili na wakariri. Atatokea mmoja wa benchi la nyuma, kwani hakosekani, atanyosha kidole: "Mwalimu, mutoto anapitaka wapi?" Darasa litacheka. Wewe usicheke. Mjibu: "Ile mutaona mwaka unaokuja." Mwalimu wa mwaka unaokuja naye atawaambia kwamba hayo mliyaona mwaka uliopita. Nyumbani mtoto huyo ameshaambiwa kwamba mdogo wake alinunuliwa hospitali ya Sendwe. Wewe ni nani hata uharibu biashara ya watu?

Hatua ya tatu: wafundishe kunawa mikono kwa chaki. Kipindupindu kinarudi rudi katika mji huu, hivyo somo ni la lazima. Chora bidon ya njano yenye robine, chora matone matatu yanadondoka, chora sabuni. Bidon yenyewe, ile iliyoko kando ya choo, imelala chini kwa ubavu, kavu, na robine yake imefungwa kwa kamba ya mfuko wa plastiki. Sabuni iko ndani ya kabati la direktere, isije ikaibiwa. Inatoka siku ya wageni na kurudi kabatini ikiwa na kona zake zote nne. Anayejibu "maji safi na sabuni" mpe kumi juu ya kumi, kisha mruhusu aende mapumziko akale karanga kwa mikono iliyojaa vumbi la chaki.

Hatua ya nne: msichana akifunga pull, yaani sweta, kiunoni wakati jua linawaka, usione. Atakaa benchi hata wenzake wakisimama kukusalimu. Hapo mwambie aende nyumbani, na katika daftari la mahudhurio andika "mgonjwa". Mwezi ujao ataumwa tena, na mwezi utakaofuata pia, mpaka darasa zima liamini kwamba hedhi ni maradhi. Wavulana uwatoe nje wakacheze mpira wakati wa somo la hedhi, ili maarifa yao wayapate kwa kaka zao wakubwa barabarani, bure kabisa.

Hatua ya tano: fundisha heshima ukiwa na fimbo mkononi. Andika ubaoni "Wasichana na wavulana ni sawa", kisha waite wasichana waje wafute ubao na kufagia. Chagua pia tarehe za kukaririsha. Ile ya 30 Juni 1960 waijue hata usingizini, maana ndiyo siku ya uhuru. Ile ya 10 Januari 2009 iache ipite. Ni siku ya sheria ya kulinda mtoto, inayotaka hata nidhamu ya shule imtendee mtoto kama binadamu, na inayokataza kumwoza mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kanuni ya familia ya 1987 ilikuwa inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Marekebisho ya 2016 yakaweka 18 kwa wote. Msichana wa darasa la sita akiyajua hayo, anaweza kuyataja nyumbani siku wageni wanapokuja na bahasha. Utasemaje basi?

Hatua ya sita: rudisha mpira. Mzazi akija kulalamika, "Bwana mwalimu, munafundishaka batoto bintu gani?", mwambie kwamba hayo ni kazi ya wazazi. Mzazi atasema ni kazi ya kanisa. Mchungaji atasema ni kazi ya shule. Akitajwa shangazi, ambaye zamani ndiye aliyemfunda msichana aliyevunja ungo, kila mtu atakumbuka kwamba shangazi alibaki kijijini. Mzunguko huu ukiuendesha vizuri, unafika Julai bila mtu kusema neno.

Akikuambia mtu kwamba mafunzo haya ni mambo mapya ya kigeni, itikia kwa kichwa. Usimkumbushe kwamba mji huu umefundwa tangu ukiitwa Élisabethville. Kampuni ya Union Minière, ilipoanza miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi na familia zao kambini, iliwapima watoto uzito na kuwafunza akina mama kulea na kupika. Haikuona haya kuzungumzia mwili wa mtoto, kwa kuwa ilimhesabu kuwa mfanyakazi wa kesho. Kampuni ilijua inataka nini kwa watoto wetu. Sisi wenyewe bado tunaona haya.

Hatua ya saba: weka sanduku la maswali. Wageni wanalipenda sana. Chukua katoni ya maziwa, toboa tundu juu, waambie watoto waandike swali bila jina, kisha liweke juu ya kabati na usilifungue.

Lakini kama udadisi utakushinda, ukalifungua jioni watoto wakishaondoka, utakuta vipande vilivyochanwa daftarini. Wapo watakaouliza kama kubusu kunaleta mimba. Mmoja atauliza kama damu ile itakwisha yote. Na kimoja kinaweza kuwa hivi: "Jirani ananipatiaka bonbon na anakataza nisiambie mama."

Mwongozo huu hauna hatua ya nane kwa ajili ya karatasi hiyo. Haina jina, kwa hiyo huwezi kumwita mwenyewe pembeni ukamaliza kimya kimya. Aliyeandika ni mmoja kati ya wote waliobanana kwenye mabenchi tangu masomo ya msingi yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, na njia pekee ya kumfikia ni kulifundisha darasa zima: kwamba mwili wa mtoto ni wake, kwamba siri ya mtu mzima anayesema "usiambie mama" ndiyo ya kwanza kuambiwa mama, kwamba anayesema hana kosa. Kisha umwarifu direktere, na siku hizo uwe karibu, mtoto akitaka kusema akukute.

Kwa hiyo, mwalimu, kesho saa hiyo ikifika, funika fiche, weka fimbo chini, na uwafundishe kwa Kiswahili.