Mjomba, Nyambizi Yenyewe ni ya Karatasi



Ujumbe wako wa sauti wa dakika 11 nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Kumbe hapo Bariadi habari imeshaenea kwamba mpwa wako ameajiriwa na jeshi la Wajerumani na anawaundia nyambizi. Kuna mzee ameshauliza kama chombo hicho kikifika Lamadi kitaweza kuwaswaga sangara mpaka nyavuni. Na wewe umeshaletewa kadi mbili za mchango wa harusi, zote kwa kiwango cha mtu mwenye mpwa mhandisi. Pole sana. Kosa ni langu. Nilimwambia Mama kwenye simu, "Natengeneza nyambizi," mtandao ukakatika kabla sijafika kwenye neno "karatasi".

Ndiyo, karatasi. Ina urefu wa sentimita 32. Ukiiweka juu ya sahani ya ugali, pua na mkia vinatokeza kidogo.

Kazi yangu hapa Dresden ni ile ile: kuogesha wazee, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Sasa kuna babu mmoja ghorofa ya pili ambaye tangu utoto wake, enzi za Ujerumani Mashariki, amekuwa akikata na kubandika meli za karatasi. Siku hizi mikono inatetemeka, kisu hakishikiki. Siku moja namkata kucha, akaniangalia weee, akasema nina mkono uliotulia. Nikadhani ananisifu, kumbe ananiajiri. Tangu hapo siku zangu za mapumziko nazimalizia mezani kwake, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, kanikodolea macho kama mkulima anayemlinda karani wa mizani siku ya kuuza pamba.

Usidharau, Mjomba. Vipande vinakuja vimechapwa kwenye karatasi nzito, kila kimoja na namba yake. Kabla ya kukunja, unapitisha mgongo wa kisu juu ya mstari, polepole, bila kukata. Ukiruka hatua hiyo karatasi inavunjika kama mchembe mkavu. Kipande kinachotakiwa kuwa duara unakivuta kwenye ukingo wa meza hadi kijipinde chenyewe. Gundi unaipaka kwa kijiti cha meno, tone dogo kama kichwa cha sisimizi, maana ukizidisha karatasi inalewa. Kisha kingo zilizokatwa, ambazo hubaki nyeupe, unazipitishia penseli ya kijivu ili chuma kifanane na chuma. Jumamosi nzima nilitengeneza usukani wa ukubwa wa kifungo cha shati, ukaniponyoka. Tukautafuta sakafuni nusu saa, mimi nimepiga magoti, mpaka babu akauona kwenye nywele zangu.

Chombo tunachokiiga kinaitwa Brandtaucher, na chenyewe kipo hapa hapa Dresden, kwenye makumbusho ya historia ya jeshi. Nilikwenda kukitazama. Ni cha chuma, urefu wa mita 8 na ushee, tumbo limejaa: kambare aliyeshiba. Alikibuni Wilhelm Bauer, koplo wa kikosi cha mizinga kutoka Bavaria. Wakati huo watu wa Schleswig-Holstein walikuwa wanapigana na Wadenmaki, na meli za Denmark zilikuwa zimewafungia njia ya bahari. Koplo akawaza: kwa juu hatuwawezi, tupite chini, tukawabandike bomu tumboni. Humo ndani hakuna injini. Wanaume wawili wanazungusha magurudumu makubwa kwa mikono na miguu ili pangaboi lizunguke nyuma, na mkubwa anasogeza uzito wa chuma mbele pua ikitakiwa kuinama.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo utakapojiona uko nyumbani. Fedha hazikutosha. Wakubwa wakapunguza unene wa mabati, wakafuta na matangi ya kuhifadhia maji ya kuzamia, hivyo maji yakawa yanatembea sakafuni yatakavyo. Tarehe 1 Februari 1851, bandarini Kiel, Bauer akaingia na wenzake wawili kufanya majaribio. Maji yakakimbilia nyuma, mkia ukalemewa, mabati yakabonyea, kambare akakaa topeni.

Mfuniko haufunguki, maji ya nje yanausukuma. Bauer akawaambia wenzake dawa ni moja: tufungulie maji yaingie zaidi, yakisukumana sawa ndani na nje, mfuniko utaachia. Hebu jiweke wewe, Mjomba, uko chini ya bahari, maji yamekufika kiunoni, na mkubwa wako anakwambia ongeza. Walimwona mwendawazimu. Ilichukua saa nyingi kuwalainisha. Mwishowe mfuniko ukafunguka, hewa iliyobaki ikawarusha juu, wakatoka wote watatu wazima. Chombo kikabaki topeni hadi 1887, walipokuwa wanachimba bandari, ndipo kikaonekana.

Niliwacheka sana wale waliopunguza mabati. Wiki iliyofuata kadi ngumu ya kukatia mbavu za ndani ikaniishia, nikaona ya nini kutoa euro nyingine, nikakata mbavu za nyuma kwenye boksi la mayai. Asubuhi tukakuta mkia umebonyea. Babu hakunigombeza. Alicheka hadi muuguzi wa zamu akaja kupima presha.

Halafu usiseme mambo ya vipande ni ya watoto. Meli ile ya Kigoma, Liemba, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungashwa kwenye maboksi 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni, ikaungwa upya kandokando ya Ziwa Tanganyika. Yangu ina vipande vichache kuliko maboksi yale na bado imenitoa jasho. Na nani alinifundisha kuunda magari ya maboksi yenye matairi ya ndala, kama si wewe?

Bauer naye hakukoma. Alihamia Urusi, akaunda nyambizi nyingine, Seeteufel, ambayo ilizama na kuibuka zaidi ya mara mia. Mwaka 1856, Tsar Alexander wa Pili alipotawazwa, Bauer alipakia wapiga tarumbeta, akazama nao bandarini Kronstadt, wakapiga wimbo wa taifa humo chini, na inasimuliwa kuwa waliokuwa kwenye meli za jirani waliusikia. Wacheza ngoma wetu wa Kisukuma, Bagika na Bagalu, wameshavuta watu kwa nyoka na kila kioja, lakini ngoma ya chini ya maji, Mjomba, hapo Warusi wametuzidi. Usimwambie manju yeyote. Atakwenda kujaribu lambo la kijijini na ng'ombe wakose pa kunywea.

Kuhusu kadi za harusi, toa kiwango chako cha kila siku. Nitakutumia nauli ya aibu. Kuhusu maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi, naona umeshaahidi watu. Haya, nitakuja na nyambizi yangu, babu ameruhusu, ila kwa sharti moja: ikae juu ya meza, na yule mzee wa sangara asisogee karibu na ndoo ya maji.

Mpwa wako.