Miguu Minne, Maandishi Hakuna
Kibao cha kushusha volti 12 ziwe 5 nimekinunua dukani Gerezani. Kina miguu minne, nayo haijaandikwa hata herufi moja. Nikamuuliza muuzaji umeme unaingilia wapi, unatokea wapi. "Kaka, si wewe ndiye fundi?" Cheo nimepewa palepale, bila cheti wala mtihani.

Nyumbani nikaweka mita kwenye mlio. Ikalia kwenye miguu miwili: hasi ya kuingilia na ya kutokea, ndugu wa tumbo moja. Miwili iliyobaki ikachongewa na kapasita: iliyoandikwa volti 35 imekaa upande wa kuingilia, ya 16 upande wa kutokea. Kumbe kiwandani wapo wanaojua kuandika! Hata dukani wapo. Risiti imeandikwa vizuri kabisa, kwa herufi kubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.