Heko kwa Wahariri wa Mashambani

Tuwape heko wahariri wa magazeti ya mashambani Marekani, karne ya 19. Herufi za risasi zilipangwa kwa mkono, moja moja, na wao walijua kubana matumizi. Mama wa watoto tisa akifariki, mara nyingi tangazo lilitosheka na “mke wa Bwana Fulani”. Jina lake la nini, na mume analo la kuwatosha wote wawili? Kwani si lilishachapwa siku ya harusi, likiagwa? Siku hiyo hata kipande cha keki kilichopelekwa kwa mhariri kilipata shukrani zake gazetini. Na nafasi iliyookolewa haikupotea: ng’ombe aliyetoroka zizini alielezwa rangi, pembe na alama ya sikio.

Mwanamke aliyetaka jina lake kamili gazetini, njia ilikuwa wazi: auze dawa. Lydia Pinkham wa Massachusetts alianza kuuza yake mwaka 1875, akajulikana kila kona. Alifariki 1883, matangazo ya dawa yake yakaendelea kuwahimiza wanawake wamwandikie barua.

Nanyi mnaomtafuta bibi wa bibi yenu katika kurasa hizo, msikate tamaa: ulizieni ng’ombe wake.