Nani Alizipaka Mbao Rangi ya Mbao?

Ukoo wa mke wangu una ugonjwa ambao hospitali zote za Eldoret haziwezi kuutibu: hawawezi kuona kitu cha mbao kikae bila rangi. Ushahidi ni kabati la vyombo tulilorithi hapa Munyaka. Babu alilinunua kwa Kaburu aliyekuwa akifunga virago uhuru ulipokaribia, mmoja wa uzao wa wale walioingia Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe. Kaburu alilipaka vanishi, akaliacha. Tangu liingie mikononi mwa ndugu zetu, halijapumzika.

Nimelikwangua hadi nikaijua historia ya familia. Juu kabisa ni krimu ya arusi ya shemeji, ili kabati lifanane na hema. Chini yake ni kijani cha kampuni ya simu: walilipaka duka la mjomba bure, ikabaki nusu mkebe, na kwa hao watu rangi haitupwi. Inafuata buluu ya shule, ambayo hakuna aliye tayari kueleza ilitokaje shuleni. Na chini ya zote, iking'ang'ania kama kupe, nikakuta kahawia. Kahawia! Mtu mzima, mwenye akili timamu na kitambulisho cha taifa, alichukua mbao nzuri akazipaka rangi ya mbao.

Kupaka ni kazi ya alasiri moja. Kutoa, kila jirani ana dawa yake, na kila dawa huja na kiu ya chai. Huyu anasema petroli. Yule, mafuta ya taa. Mama wa kioski anaapia kostiki soda, na kweli inakula rangi. Ila inakula na gundi ya maungio, kisha inaziacha mbao zimesawijika. Kijana mmoja akaja na mashine ya kupuliza joto. Wati 2,000, na tokeni za stima ni zangu.

Mimi imani yangu ilikuwa kwa msasa namba 60 na mkono wa kulia. Binti yangu akanizuia mlangoni. Rangi nyingi za mafuta za zamani, akasema, zilitiwa madini ya risasi. Leo Kenya hairuhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, lakini mikebe ya enzi za babu nani aliipima? Ukipiga msasa mkavu, vumbi linaingia kwa watoto, na risasi huharibu ubongo. Ukichoma, unavuta moshi wake. Kwa hiyo lowesha, kwangua, futa kwa kitambaa chenye maji. Inaudhi mtoto akiwa na haki, tena kwa elimu uliyoilipia ada mwenyewe.

Nikanunua rimuva hadwea. Maagizo: paka nene, funika na nailoni isikauke, uiache ifanye kazi. Nailoni! Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, hebu mwulize mwenye duka nailoni uone anavyochungulia barabarani kwanza. Niliokolewa na ganda la godoro jipya la jirani. Halafu harufu ya rimuva haikuruhusu kufanyia kazi ndani, na nje ndiyo Eldoret, mvua haijui kupiga hodi. Kabati limetoka na kurudi ndani mpaka makanga wanadhani nahama.

Sehemu tambarare zilikubali. Rangi ilivimba, ikajikunja, ikatoka ukanda mrefu chini ya chuma. Raha yake inazidi nyingi zinazoruhusiwa kwa umri wangu. Balaa ni nakshi za milango. Huko nimeingia na mswaki, njiti za meno na msumari, na ile buluu ya serikali bado inanichungulia.

Mbao zenyewe zimetokea nyekundu. Mjomba anasema ni tiki ya Elgon, jirani anasema mvule, na wote wawili wamekasirika.

Shangazi alikuja Jumapili. Akalizunguka kabati, akanivuta kando. "Baba Shiru, kama mambo ni magumu si ungesema? Mkebe mmoja wa rangi hauwezi kutushinda."

Aliyefurahi ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Alipapasa mlango, akagonga ubavuni, akatoa tepu akapima urefu, upana, mpaka kina cha droo. Nikaongeza maji ya chai. Akanieleza kwamba tangu serikali izuie ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, mbao zimekuwa dhahabu, na kufunguliwa tena 2023 yeye hakukuona mfukoni. Kwa hiyo nimwachie hili zee, naye atanitengenezea jipya, saizi ile ile, la saiprasi.

"Na usijali, mzee," akasema. "Tutalipiga rangi ya mahogani. Hutajua tofauti."