Bwana Mtawanyaji

Muulize jamaa kuhusu hisa zake, atakujibu kifua mbele kwamba yeye ametawanya mtaji. Anafungua programu kwenye simu akuonyeshe: Apple, Microsoft, Nvidia. Chini yake upo mfuko unaofuata fahirisi ya Nasdaq 100, ambao ndani yake mna Apple, Microsoft na Nvidia. Ili kujihami zaidi, kaongeza mfuko wa S&P 500, na miongoni mwa vinara wake, umeshabashiri, wamo hao hao watatu. Huku ni kufunga ndoa mara tatu na mke yule yule, kisha ukajiita mume wa wake watatu.

Mgusie habari ya kupunguza kidogo, hisa za teknolojia zirudi kwenye kiwango alichojiwekea mwenyewe, atakutazama kama umetumwa umroge. Zikipanda, hauzi kwa sababu zinapanda. Zikishuka, hauzi kwa sababu zitapanda. Hatifungani? Hizo ni za wazee wanaongoja pensheni.

Machi 2000 mabingwa wa namna hii walikuwapo tele. Fahirisi ya jumla ya Nasdaq ilivuka 5,000, na kufikia Oktoba 2002 ilikuwa imepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Kurudi kileleni kuliichukua miaka 15. Wala si kwamba kampuni zote zilikuwa hewa. Microsoft ilikuwapo, Cisco ilikuwapo. Bei ndizo zilizokuwa zimelewa.

Basi, ndugu mwekezaji, kabla hujajitangaza mtawanyaji, fungua orodha ya kila mfuko usome majina yaliyomo. Kusoma hakutozwi kodi.